Kuchapisha krauni za muda za meno kwa printa ya 3D: mwongozo kamili kuanzia kisiki hadi saruji

Krauni ya muda, au kofia ya muda kama wagonjwa wengi wanavyoiita, hukaa mdomoni wiki chache, pengine miezi michache, kisha hutolewa na kutupwa. Kwa kuwa mwisho wake ni jalalani, wengi huifanya kwa haraka. Gharama ya haraka hiyo huonekana baadaye. Jino lililosagwa, yaani kisiki kitakachovikwa krauni, limevuliwa enameli, gamba lake gumu la nje. Dentini iliyo chini yake iko wazi, na kila kijibomba chake kinapeleka baridi na bakteria kuelekea kwenye kiini. Meno ya jirani huanza kuegemea kwenye nafasi iliyoachwa. Jino la taya ya pili hushuka au hupanda likitafuta mwenzake. Fizi nazo humea juu ya ukingo uliosagwa. Krauni ya muda ikikaa vibaya, ile ya kudumu inafika kutoka maabara na kukuta mdomo usio ule uliopimwa.

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno na fundi wa maabara ambao tayari wana printa, au wako mbioni kuipata, na wanataka krauni inayokaa mahali pake bila kusagwa nusu saa kwenye kiti. Si kazi ya kujaribu nyumbani kwenye jino lako mwenyewe.

Nianze na msimamo wangu: wanaoanza huumiza kichwa mno juu ya aina ya printa. Printa nyingi za rezini zilizopo sokoni leo zinaiweza kazi hii. Krauni huharibika kwenye ukingo (mstari ambapo krauni inakutana na jino) uliochorwa kwa kukisia, kwenye nguzo za kuishikilia wakati wa kuchapisha zilizowekwa mahali pasipofaa, na kwenye dakika za kuosha na kukomaza, yaani kuimulika tena baada ya kuchapisha, ambazo hakuna aliyezihesabu. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Uchapishe, au utengeneze kwa mkono?

Kwa jino moja, mgonjwa akiwa kitini na ukungu wa silikoni (kalibu ya umbo la jino) uliochukuliwa kabla ya kusaga ukiwa mezani, njia ya zamani ya kujaza ukungu kwa akriliki ya kuchanganya bado ni ya haraka. Sioni aibu kusema hivyo. Printa inashinda pale meno yanapokuwa mengi, pale krauni itakapokaa miezi kadhaa ikisubiri fizi au kipandikizi kipone, pale umbo jipya linapotakiwa kujaribiwa mdomoni kabla ya kulifanya la kudumu, na pale mgonjwa anaposaga meno usiku na unajua ataivunja. Faili inabaki. Krauni ikivunjika, unachapisha nyingine bila kumwita mgonjwa apimwe upya.

Vifaa na rezini

Printa zinazofaa ni zile zinazogandisha rezini ya majimaji kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Ni uzao wa mbinu ambayo Chuck Hull aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1986. Zipo zinazochora kila tabaka kwa leza, zipo zinazorusha picha ya tabaka zima kwa projekta, na zipo zinazotumia skrini ya LCD yenye taa nyuma yake. Printa za kuyeyusha uzi wa plastiki ziache kabisa. Kingo zake ni butu mno kwa jino.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kununua chupa yoyote: urefu wa wimbi la mwanga. Printa nyingi hutumia nanomita 405, nyingine 385. Rezini iliyotengenezwa kwa 385 inaweza kugoma kuganda vizuri kwenye 405, au ikaganda nje na kubaki laini ndani. Angalia pia kama mtengenezaji wa rezini ametoa mipangilio iliyothibitishwa kwa printa yako hasa. Mipangilio ya kubahatisha inafaa kwa vinyago, haifai kwa kitu kitakachokaa juu ya dentini ya mtu.

Rezini yenyewe lazima iwe imeandikwa waziwazi kwamba ni ya krauni na madaraja ya muda. Kwenye karatasi zake tafuta viwango viwili: ISO 10477, kinachohusu vifaa vya polima vya krauni, na ISO 10993, kinachohusu usalama wa kifaa kinachogusa mwili. Rezini ya kuchapishia modeli ni rahisi na rangi yake hata hupendeza, lakini haiingii mdomoni hata kwa dakika moja. Rangi ya jino chagua kwa kipimo cha kawaida cha rangi ukiwa kwenye mwanga wa mchana, kabla jino halijakauka. Hapo hapana siri nyingine.

Zaidi ya hapo utahitaji skana ya mdomoni (au skana ya mezani na modeli ya plasta), programu ya usanifu, alkoholi ya isopropili, vyombo viwili vya kuoshea, kisanduku cha kukomazia kwa mwanga, diski nyembamba za kukatia, mipira ya kung'arishia, glavu za naitraili na miwani. Rezini mbichi ni mchanganyiko wa metakrilati, kemikali zinazoganda kuwa plastiki, na baadhi ya watu wanaozigusa mara kwa mara huishia na mzio wa ngozi usioondoka tena. Metakrilati hupenya glavu nyembamba taratibu. Zikimwagikiwa, zivue palepale, usisubiri kumaliza kazi.

Hatua ya 1: Saga ukijua printa inataka nini

Rezini si chuma wala zirkonia, na ikiwa nyembamba inapasuka. Kwa rezini nyingi za muda unahitaji takriban milimita 1.5 juu, kwenye sehemu ya kutafunia, na karibu milimita 1 pembeni. Soma karatasi ya rezini yako uone kipimo chake hasa, kisha pima nafasi hiyo kabla mgonjwa hajaondoka: mpe aume kipande cha nta laini, kitoe, kipime unene kwa kalipa. Macho hudanganya sana kwenye magego ya nyuma.

Kona kali zizungushe. Ncha kali ya kisiki ni mahali ambapo krauni itakwama kwa ndani na, baadaye, mahali ambapo ufa utaanzia. Ukingo uwe na bega, yaani kingazi kidogo kilichosagwa kuzunguka jino, la mviringo na lililo wazi. Ukingo unaoisha kama ncha ya kisu hauonekani vizuri kwenye skani, na ukionekana, rezini ya hapo itakuwa nyembamba kiasi cha kumeguka mikononi.

Urefu nao usiusahau. Kisiki cha gego kilicho chini ya milimita 4, au cha jino la mbele chini ya milimita 3, kina kitu kidogo cha kushikilia. Saruji ya muda, gundi inayoishika krauni kwenye jino, peke yake haitaokoa hali hiyo, hivyo fikiria vijifereji vya pembeni wakati bado una mashine mkononi.

Hatua ya 2: Skani tatu, ukiweza nne

Skani ya kwanza ichukue kabla ya kusaga chochote. Hiyo ndiyo itakayokupa umbo ambalo mgonjwa amelizoea, na programu itaweza kulinakili karibu lilivyo. Jino likiwa limevunjika tayari, skani upande wa pili wa taya ili umbo la mwenzake ligeuzwe kama kwenye kioo. Baada ya kusaga, skani taya yenye kisiki, kisha taya ya pili, kisha meno yakiwa yamekutana.

Ukingo ndio unaotaka subira. Skana huona kile ambacho jicho linaona, basi. Damu, mate na fizi iliyolala juu ya bega vyote huwa ukuta. Weka uzi wa kusogeza fizi, zuia damu, kausha, kisha skani ukingo mzima kwa pembe tofauti. Hapo hapo kwenye skrini, zima rangi uone umbo tupu la kijivu. Rangi huficha mambo, kwa maana fizi nyekundu na jino jeupe huonekana vimetengana hata pale ambapo umbo lake limeungana na kuwa mteremko mmoja laini. Kwenye picha ya kijivu utaona kama bega lina kona inayoeleweka au limeyeyuka. Likiwa limeyeyuka, futa kipande hicho tu, kausha, rudia. Dakika mbili za hapa zinaokoa miadi nzima.

Hamisha faili la umbo la 3D kama STL, au PLY ikiwa unataka rangi ikusaidie kufuata ukingo.

Hatua ya 3: Usanifu, na vipimo vya kuingiza

Chora mstari wa ukingo mwenyewe. Programu nyingi sasa hujichorea, na mara nyingi hupatia, lakini eneo lililo kati ya meno, penye uvungu, huwa zinakisia. Zungusha modeli, vuta karibu, sogeza nukta moja moja.

Mwaka 1971 McLean na von Fraunhofer, baada ya kufuatilia krauni zaidi ya elfu moja kwa miaka mitano, walipendekeza kwamba mwanya kwenye ukingo usizidi mikroni 120 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipimo hicho bado hutumika. Sasa kiweke karibu na printa yako: ukichapisha kwa tabaka za mikroni 50, kosa la tabaka mbili na nusu tu linamaliza kiwango chote kinachoruhusiwa. Ndiyo maana mstari uliochorwa kwa uvivu hauwezi kuokolewa na printa ya bei kubwa.

Nafasi ya saruji ianze na mikroni 60 hadi 80 ndani, ikianzia takriban milimita 1 juu ya ukingo. Kwenye ukingo wenyewe iache sifuri au karibu na sifuri. Hivyo ni vianzio. Chapisha krauni mbili tatu juu ya modeli yako mwenyewe, zijaribu, kisha rekebisha hadi iingie kwa kusukumwa na kidole bila kucheza. Ukishapata namba ya printa yako na rezini yako, iandike ukutani na usiibadilishe kwa sababu ya krauni moja iliyokataa.

Miguso ya pembeni na meno jirani iache iguse kidogo tu. Kwenye sehemu ya kutafunia, ishushe miguso kwa mikroni 50 hadi 100. Sababu utaiona kwenye hatua inayofuata, maana upande huo huongezeka unene kidogo wakati wa kuchapisha. Mifereji ya kutafunia isiwe na kina kikubwa, kwani chini ya kila mfereji unene hupungua. Kabla ya kuhifadhi, washa ramani ya unene ya programu na utafute doa lolote lililo chini ya kiwango cha rezini yako. Likiwepo, ni afadhali kumrudia mgonjwa na kusaga kidogo kuliko kujifanya hujaliona.

Hatua ya 4: Mkao na nguzo

Hapa ndipo krauni nyingi hufia kimyakimya, basi tuielewe.

Kwenye printa nyingi, sahani ya kujengea iko juu na mwanga unatoka chini, kupitia utando ulio chini ya beseni la rezini. Krauni inakua ikining'inia. Kila tabaka linapomulikwa, mwanga hauishii kwenye tabaka hilo. Unapenya kidogo kwenda juu. Kama juu yake tayari pana rezini iliyoganda, hakuna linaloharibika. Kama juu yake pana uwazi uliojaa rezini ya majimaji, rezini hiyo nayo huanza kuganda, na uso huo unanenepa.

Sasa chukua krauni uiweke mdomo wake ukitazama sahani. Ukingo unachapishwa kwanza, kisha kuta, kisha dari ya ndani. Dari inapoanza kumulikwa, shimo lililo juu yake limejaa rezini. Mwanga unapenya, dari inanenepa kwa ndani, na krauni inakataa kushuka kwenye kisiki. Utasaga ndani, utalaumu skani, utaongeza nafasi ya saruji, na tatizo litabaki palepale. Isitoshe nguzo zitakuwa zimekaa kwenye ukingo, mahali pabaya kuliko pote pa kukata na kusugua.

Igeuze. Sehemu ya kutafunia itazame sahani, mdomo wa krauni utazame beseni. Nguzo zinashika sehemu ya kutafunia, ambako alama zake husagwa na kung'arishwa bila madhara, na unene wa ziada unaangukia upande ambao umekwisha kuushusha kwenye usanifu. Iinamishe kiasi, digrii 10 hadi 30, ili tabaka la kwanza lisiwe uso mpana unaomulikwa wote kwa pamoja. Kwa meno ya mbele, elekeza nguzo kwenye ncha na upande wa ulimi, uso unaoonekana mtu akicheka ubaki safi.

Programu ikipanga nguzo yenyewe, kagua mambo mawili. Kusiwe na nguzo hata moja ndani ya krauni wala ndani ya milimita 1 kutoka ukingoni. Kisha tazama visiwa: vilele vya jino ambavyo vinaanza peke yake hewani kabla ya kuungana na vingine. Kila kilele kinachoanza peke yake kinahitaji nguzo yake, la sivyo kitabaki kwenye beseni na utapata gego lisilo na kona.

Hatua ya 5: Kuchapisha

Rezini za krauni huwa na chembechembe za kioo au kauri zinazozama chini ya chupa. Usipochanganya, krauni ya leo itakuwa hafifu na ya mwisho wa chupa itakuwa nzito na nyeupe. Izungushe chupa kwa muda ambao karatasi inataja. Rezini iliyokwisha kukaa kwenye beseni tangu jana ikoroge kwa kijiko laini cha plastiki, polepole, bila kukwaruza utando. Chumba kikiwa baridi rezini huwa nzito na huvuta tabaka, kwa hiyo iache ifikie nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi kwanza.

Tabaka la mikroni 50 linatosha kwa krauni. Kushuka hadi 25 huongeza muda mara mbili na huongeza pia idadi ya nafasi za kukosea, kwa faida ambayo mipira ya kung'arishia itaifuta.

Muda wa kuchapisha hutegemea urefu, si idadi. Krauni pamoja na nguzo zake ikiwa na urefu wa milimita 12, ni tabaka 240. Kila tabaka likichukua sekunde 6 pamoja na kunyanyuka na kushuka, ni dakika 24. Kwenye printa ya projekta au ya LCD, krauni kumi zilizopangwa kando kando huchukua dakika zilezile 24. Kwa hiyo chapisha mbili kila mara na uhifadhi moja kwenye faili la mgonjwa. Printa ya leza ni tofauti, kwa sababu huchora kila krauni kwa zamu yake.

Hatua ya 6: Kuosha, kwa saa mkononi

Andaa vyombo viwili vya alkoholi ya isopropili. Cha kwanza kinaweza kuwa kimekwisha tumika, cha pili kiwe safi. Mfano wa kawaida ni dakika 3 kwenye cha kwanza, krauni ikitikiswa, kisha dakika 2 kwenye cha pili, ukipitisha brashi laini ndani ya krauni na kuzunguka ukingo. Zikizidi dakika tano hivi kwa jumla, alkoholi huanza kuingia ndani ya rezini ambayo bado ni changa, inaivimbisha na kuidhoofisha. Karatasi ya rezini yako ikisema vinginevyo, ifuate hiyo.

Ukitumia mashine ya mawimbi ya sauti, usimwage alkoholi moja kwa moja ndani yake. Mvuke wake hushika moto. Weka krauni na alkoholi ndani ya chombo chenye kifuniko, kisha chombo hicho kiingie kwenye maji ya mashine.

Puliza kwa hewa iliyobanwa, kisha iache ikauke kabisa kabla ya mwanga wowote. Iinue kwenye taa uitazame. Uso uliooshwa vizuri na kukauka hufifia wote, hauna mng'ao. Palipobaki mng'ao, hasa kwenye kona ya ndani na chini ya mifereji, pana rezini mbichi. Ukiikomaza hivyo, itaganda hapo kama matone, na krauni haitashuka. Rudi na brashi yenye alkoholi safi kwenye doa hilo tu, kausha tena.

Hatua ya 7: Kukomaza

Krauni iliyotoka kwenye printa haijakamilika. Sehemu ya molekuli zake bado hazijaungana, na hizo ndizo zitakazotoka kidogo kidogo mdomoni, zikawashe fizi, zikanyonya rangi ya chai na kuifanya krauni ivunjike mapema. Kisanduku cha mwanga ndicho kinachomaliza kazi.

Muda, joto na urefu wa wimbi hutofautiana sana kati ya rezini na rezini, na hapa sitoi namba. Tumia mpangilio wa mtengenezaji kwa kisanduku chako hasa. Taa ya kukaushia kucha haihesabiki, hata kama krauni inatoka ikiwa ngumu kwa nje. Vivuli ni adui, kwa hiyo katikati ya muda igeuze krauni ili ndani nako kupate mwanga. Oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisigande, ndiyo sababu visanduku vingine hujazwa nitrojeni. Kama chako hakina, ulizia kwa mtengenezaji kama rezini yako inaruhusu kukomazwa ikiwa imezamishwa kwenye gliserini ndani ya glasi angavu. Usizidishe muda ukidhani unaongeza nguvu, maana rezini iliyomulikwa kupita kiasi hugeuka njano na kuwa kavu ya kuvunjika.

Nguzo zikatwe kabla au baada? Karatasi nyingine husema kabla, nyingine baada. Pasipo maelekezo, mimi huzikata baada, kwa sababu krauni changa hupinda ukiibana, na ukingo ukipinda haurudi. Tumia diski, usizivunje kwa koleo.

Hatua ya 8: Kumalizia

Ipachike krauni kwenye modeli ya kisiki kama unayo. Saga alama za nguzo, pitisha mpira wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, kisha brashi ya manyoya na unga wa pumisi uliolowa, na mwisho dawa ya kung'arishia. Mwendo uwe wa chini na mkono mwepesi, kwani joto huilainisha rezini na kuacha matope. Usiguse ukingo kwa mpira. Simama karibu na milimita moja kutoka hapo, umalizie kwa brashi peke yake. Vanishi ya kukaushwa kwa mwanga ni mbadala mzuri kwa meno ya mbele, ikipakwa nyembamba, lakini haifichi uso ambao haukusagwa vizuri.

Vumbi la kusaga rezini yenye kioo halifai mapafuni. Barakoa na mashine ya kuvuta vumbi viwe vinafanya kazi.

Hatua ya 9: Kuijaribu na kuibandika

Takasa krauni kwa njia ambayo mtengenezaji anaruhusu. Rezini nyingi hazivumilii mashine ya mvuke. Kisha fuata mpangilio huu, maana ukiuvuruga utasaga mahali pasipo na kosa.

Anza na miguso ya pembeni. Krauni isiposhuka, mara nyingi inazuiwa na jino jirani. Pitisha uzi wa meno: upite kwa kukaza kidogo, usikatike, wala usipite kama hakuna kitu. Kisha ndani: paka silikoni ya kupimia, ishushe kwa shinikizo la kidole, subiri igande, itoe. Palipotoboka silikoni na rezini kuonekana ndipo panapogusa. Saga hapo, hapo tu. Kisha ukingo: tembeza sonda, kile kifaa chenye ncha kali, kutoka jino kwenda krauni na kurudi. Ikikwama njia moja tu, ukingo umezidi au umepungua. Ikikwama njia zote mbili, pana mwanya. Mwisho kabisa ndiyo kuuma: karatasi ya rangi, kwanza akiuma, kisha akisogeza taya kando na mbele. Alama za kuuma zibaki nyepesi, za kusogeza ziondoe. Kila uliposaga, ng'arisha tena kabla ya kubandika.

Mwanya mdogo mahali pamoja unaweza kuzibwa kwa komposaiti ya majimaji: kwaruza uso kwa mchanga wa alumina wa mikroni 50, paka kiunganishi, ongeza, mulika. Mwanya unaozunguka nusu ya jino hauzibiki. Rudi kwenye faili.

Kwa saruji, chagua ya muda isiyo na yujenoli, kemikali ya mafuta ya karafuu. Yujenoli inayobaki kwenye dentini huzuia saruji za rezini kuganda vizuri, nawe huenda utatumia moja ya hizo kwenye krauni ya kudumu. Pia hulainisha rezini za metakrilati. Paka utepe mwembamba kuzunguka ndani ya ukingo, usijaze krauni kama kikombe, kwani saruji nyingi huinyanyua. Ikishaganda, toa mabaki yote kati ya meno kwa uzi wenye fundo. Chembe moja iliyobaki chini ya fizi inatosha kuikuta fizi hiyo inavuja damu siku ya krauni ya kudumu.

Mwambie mgonjwa asitafune vitu vinavyonata upande huo, uzi wa meno autoe kwa kuuvuta pembeni badala ya kuunyanyua, na krauni ikitoka aihifadhi na aje mapema.

Ukikosa skana ya mdomoni

Ipo njia ya ganda. Mpime mgonjwa kwa plasta kabla ya siku ya kusaga, skani modeli kwa skana ya mezani, sanifu jino lililo na umbo kamili kwa nje lakini tupu ndani, unene wake nusu milimita hadi milimita moja. Chapisha, osha, komaza. Siku ya kusaga, ganda linajazwa akriliki au komposaiti ya kutengenezea krauni za muda na kuvalishwa juu ya kisiki, likitolewa na kurudishwa mara kadhaa kabla ya kuganda ili lisinase. Ukingo unapatikana mdomoni, umbo linatoka kwenye printa. Kwa mtu anayeanza bila mtaji wa skana, ningeanzia hapa.

Kasoro na mahali pa kuzitafuta

Krauni imebaki kwenye beseni: sahani haijasawazishwa, au tabaka za kwanza zimemulikwa muda mfupi. Chuja rezini kabla ya kuchapisha tena, kwa sababu kipande kilichoganda kikibaki kitatoboa utando au, kwenye printa ya LCD, kuivunja skrini.

Mistari inayozunguka krauni kwa urefu mmoja huashiria utando uliolegea au uliochakaa. Krauni zote kuwa nene ghafla, wakati mipangilio ni ileile, huashiria muda wa mwanga uliozidi. Zote kuwa laini ghafla, pima nguvu ya taa na skrini, kwani vyote huchakaa taratibu bila kukuambia. Weupe kama chaki hutokana na alkoholi chafu au kuosha kupita kiasi. Kunata baada ya kukomaza ni rezini mbichi iliyobaki, au oksijeni.

Krauni inayopasuka siku chache baada ya kubandikwa, itazame ufa ulikoanzia kabla ya kuchapisha nyingine. Ukianzia chini ya mfereji, unene ulikosekana. Ukianzia ukingoni, ukingo ulikuwa mwembamba au uliguswa na diski. Ukifuata mstari wa tabaka ukiwa umenyooka kabisa, tatizo ni mwanga au kukomaza, na hapo nakala uliyoihifadhi kwenye faili la mgonjwa nayo usiitumie.

Alkoholi iliyokwisha na rezini iliyobaki haziendi kwenye sinki. Ziache juani kwenye chombo cha wazi, mbali na moto na watu, hadi alkoholi iruke na rezini igande, kisha tupa kile kigumu kwa utaratibu wa taka wa kliniki yako.